Mwaka wa Reuben Kufunga Mdomo

Mkimwona Reuben Mallett leo, mzee anayekata matete peke yake asiongee na mtu, hamtaamini kwamba ujanani hakuwa na siri. Hapa kijijini kwetu Norfolk, ukimpa neno asubuhi, mchana liko kilabuni, jioni limemfikia kasisi. Laiti angebaki vile vile!

Alikuwa amwoe Hester Duffield, binti wa mhunzi. Kasisi alishaitangaza ndoa kanisani Jumapili mbili, ikabaki moja. Wiki ile, ukungu umetanda kinamasini, Reuben akakutana na Mbwa Mweusi, lile zimwi la kinamasi, juu ya tuta: mkubwa kama ndama, macho yanawaka, nyayo hazisikiki. Na kwetu, aliyemwona hamtaji kwa mtu mwaka mzima. Akisema, wa kwanza kusikia ndiye atakayekufa.

Reuben alijijua. Aishi na Hester nyumba moja asimwambie? Thubutu! Basi Jumapili ya tatu, kasisi anafungua kitabu tu, Reuben akasimama mbele ya watu wote. "Baba, usisome. Tungoje mwaka."

Hester alimfuata nje, na mimi jirani yao nyuma, masikio wazi.

"Una mwanamke mwingine?"

"Sina, haki ya Mungu."

"Basi nimekukosea nini? Sema!"

"Nivumilie tu, Hester. Nakuomba."

"Nikuvumilie kwa lipi? Siku zote kasuku, leo ndiyo umekuwa bubu? Nenda zako huko!"

Jamani, mtu kuhukumiwa kwa wema wake! Inaniuma mpaka kesho. Kijiji kizima kilimwita mhuni, naye akanyamaza. Kabla ya mavuno Hester akaolewa na mwoka mikate.

Mwaka ulipotimia, Reuben alivaa koti lake la kanisani akaenda dukani kwao. Nilikuwepo, nimefuata mkate. Akamweleza Hester yote, mbwa na tuta na ukungu, maneno yanamtoka kama mtu anayetapika. Hester alisikiliza, mikono imejaa unga.

"Kwa hiyo uliogopa nisije nikafa."

"Ndiyo."

"Mjinga wewe," akasema, machozi yanamtiririka. "Si ungeniambia tu, Reuben. Ningekufa nikiwa mke wako."

Kutoka jikoni mumewe akaita, mikate inaungua. Hester akajifuta uso kwa aproni.

"Abee, mume wangu. Nakuja."