Mhudumu wa Pizza, Area 47

Mhudumu, Mkongomani kama Djafari na mkewe, alikuwa na sauti ya mtu anayefariji wafiwa. Kila Djafari alipomwita, alifuta meza kwa kiganja, akasema, "Njo inakuja, papa," kisha akarudi kusimama dirishani. Djafari alikuwa amemtoa Zaina kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka aje mjini kula pizza aliyomwahidi tangu harusi yao. Ilipofika, ukingo ulikuwa umeungua na katikati ni unga mbichi. Djafari alitamani ardhi immeze. Mhudumu aliizungusha sahani polepole, kana kwamba anautafuta upande mzuri.

"We mwenyewe unakulaka hii?" Zaina akamuuliza.

Mhudumu alichungulia jikoni, akainama. "Hapana, mama. Sisi tunakulaka nsima, kule nyuma."

Zaina, aliyeuzoea ugali huo kambini, akabeba mkoba wake. "Basi utupeleke kule nyuma."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, mhudumu alikimbia, akiwatangulia.