Taya Langu na Taya Lake

Mume wangu ni mtu wa haki. Akininunulia doti ya kanga, doti nyingine huenda Wingwi kwa mke mwenzangu. Siku zake pia amezigawa sawa: mbili kwangu mjini Chake, mbili kule Wingwi. Watu humsifu. Mimi haki hiyo ilinichosha zamani, ila kila aliyeniuliza nilimwambia sina wivu.

Basi taya likaanza kuniuma. Kuna asubuhi nilishindwa kutafuna hata boflo lililochovywa kwenye chai. Mume wangu akasema mficha maradhi kifo humuumbua, akanipeleka kwa daktari wa meno. Tulipofika tukamkuta mke mwenzangu benchini, buibui jipya, mkono shavuni.

"Na huyu naye taya lamuuma, daktari," mume wangu akasema tulipoingia sote watatu.

Nilichukia. Nusu ya mume amekwisha kunichukulia, sasa kaja kuchukua na maumivu yangu!

Daktari alikuwa na kifaa chenye ncha ya mpira, akikibonyeza shavuni polepole huku namba zikipanda. Ukisikia msukumo umegeuka maumivu, unasema "hapo". Mwenzangu alitangulia. Hata hakijamgusa sawasawa, "Hapo! Aa, hapo!" Mume wangu akamshika bega.

Ilipofika zamu yangu nikaapa hatanishinda. Sisi tulifundwa kuzaa bila kupiga kelele, nitalizwa na kipande cha mpira? Machozi yalinilenga, nikanyamaza. Niliposema "hapo", namba yangu ilikuwa imeipita yake mbali. Nilifurahi mpaka nilipomwona mume wangu akimtazama yeye kwa huruma.

"Kumbe weye u mzima," akaniambia.

Kisha tukabandikwa waya mashavuni, mmoja mmoja, tukaambiwa tulegeze taya na tutulie. Mstari wa mwenzangu kwenye skrini ulilala. Wangu ulikataa, ukawa unatetemeka huko juu, na mimi nalegeza kwa nguvu zangu zote.

"Mama, misuli yako haipumziki," daktari alisema. Akamgeukia mume wangu. "Akilala husaga meno?"

"La. Mie nikiwapo hulala kimya kabisa."

"Na maumivu, mama, unaamka nayo kila siku?"

"Si kila siku," nikasema. "Siku mbili naumwa, siku mbili sijambo."

Nilipojisikia nikisema hivyo nikafunga mdomo. Mume wangu alikuwa bado anangoja niendelee. Aliyesema ni mke mwenzangu, taratibu, macho sakafuni.

"Hizo anazoumwa ni siku za zamu yangu, daktari."

"Zamu yako ina nini?" mume wangu akamuuliza.

Alikuwa anauliza kweli. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, na aliyenijua alikuwa yule mwanamke wa Wingwi. Waya zikiwa bado zimenibana mashavuni, nilimwambia, "Nna wivu, bwana. Nakutaka siku zote nne."