Nilimwita Mama Jipsi

Kwetu mtu mzima hatajwi jina. Nilifundishwa hivyo na mama yangu, Mrundi asiyependa mzaha, halafu na kambi nzima ya wakimbizi kule Kigoma, ambako kila mwanamke alikuwa Mama wa mtu fulani. Kumwita mama wa watu kwa jina lake mwenyewe ulikuwa utovu wa adabu, na mimi nina adabu hata nikiwa na hasira, na hasira ninazo nyingi tu. Nayasema haya mapema ili ieleweke jinsi mtu anavyoweza kula meza moja na mwenzake kwa miaka miwili bila kujua anaitwa nani.

Ilikuwa Louisville, kwenye ghala moja upande wa Okolona. Nilikuwa nimefika Marekani na binti yangu tu, mume sina, ndugu sina, na Kiingereza cha kuombea maji ya kunywa. Kazi yangu ilikuwa kufunga maboksi. Wakongo wa kusema nao Kiswahili walikuwa wengi shifti ya jioni, lakini mimi nilipangwa asubuhi, na asubuhi hapakuwa na hata mmoja wa kupiga naye soga. Wakati wa kula nilikaa karibu na maikrowevu nikitazama ukuta. Chumba kilijaa watu wanaocheka, nami nilikuwa mpweke.

Basi siku moja akaja mwanamke na sahani yake akakaa mbele yangu bila kuomba ruhusa. Alikuwa mtu wa makamo, mweusi kidogo kuliko Wazungu wengine, ametoka Ulaya ya mashariki, Kiingereza chake kibovu kama changu. Alichungulia maharage yangu, akayahurumia, akanisukumia nusu ya kabichi yake iliyoviringishwa nyama ndani. Tangu siku hiyo tulikula pamoja.

Baada ya wiki moja nilihitaji namna ya kumwita. Nikamwuliza mtoto wake wa kwanza anaitwa nani. Akaweka mkono kifuani, akatazama pembeni, nikaelewa kwamba mtoto huyo hayupo tena. Sikuuliza la pili. Lakini kazini wote, kuanzia supavaiza, walimwita Jipsi. Kama lilikuwa kabila lake au jina lake, sikujisumbua kujua. Nikatanguliza heshima mbele, nikamwita Mama Jipsi.

Mara ya kwanza alipolisikia kutoka kinywani mwangu aliweka uma chini, akajigonga kifua kwa kidole.

“Mimi Roma,” akasema.

Nami nikajigonga changu. “Mimi Pentekoste.”

Huko nilikokulia, ukisema mtu ni Roma umesema ni Mkatoliki. Sikuwa na maana nyingine ya neno hilo kichwani, labda ile ya Waraka kwa Warumi. Alinitazama muda mrefu, akacheka kidogo, akaendelea kula. Mimi nikafurahi kwamba tumefahamiana. Mwaka mzima nilifanya kazi ya kumwokoa. Nilimsomea Maandiko kwenye simu kwa lugha asiyoijua, nikamkaribisha kanisani kwa ishara za mikono. Kumbe alikuwa ameokoka zamani, huenda kabla yangu. Alikuwa akiombea chakula macho ameyafumba, mikono juu, akimalizia na haleluya inayosikika mpaka kwenye mashine. Nikajiambia Waroma wa Ulaya wamechangamka. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mjinga, na mjinga mwenye furaha, kwa sababu nilikuwa na mtu.

Yapo niliyoyaona, na sitasema sikuyaona. Kulikuwa na neno la Kiingereza watu walilisema pale kazini mtu akipunjwa, na hata mimi nililisikia kuwa limechongwa kutoka kwenye jina lile lile la Jipsi, nao walilisema mbele yake. Alipopita, mabegi yalivutwa chini ya viti. Kitu cha mtu kikipotea, yeye aliweka mikono yake yote miwili juu ya meza, viganja juu, akaiacha hapo mpaka kipatikane. Nilidhani ni mazoea yake tu. Halafu nami nikamwita Mama Jipsi tena, na kumpa chumvi.

Binti yangu alipopata chuo tukahamia Columbus. Siku ya mwisho aliniandikia namba ya simu ya nyumbani kwao kwenye kipande cha boksi, akanikumbatia akilia. Nami nililia. Huko Columbus nilikaa tena peke yangu. Kwa ajili ya kitambaa changu kichwani watu walinichukulia kuwa Msomali, wakanisalimia Kisomali madukani, na nilipowajibu kwamba mimi ni Mrundi mlokole walitabasamu na kesho yake wakanisalimia vile vile. Nilikasirika. Kila siku nilirudi nyumbani nikilalamika kwamba nimepewa taifa la watu wengine, na hapo ndipo nilipokuwa nikimkumbuka Mama Jipsi kwa sauti.

Binti yangu, ambaye humjibu mama yake kwa Kiingereza siku zote, alinisikiliza mara moja, mara mbili, ya tatu akanizuia. Akasema wengi wa watu wanaoitwa Jipsi huliona neno hilo kuwa tusi. Waliobandikwa nalo walidhaniwa zamani kuwa wametoka Misri, ambayo kwa Kiingereza ni Ijipti, na hawakutoka huko. Wenyewe hujiita Roma.

Nikamwambia Roma ni dhehebu. Akanionyesha kwenye simu yake, polepole, kama anayemfundisha mtoto.

Sikula siku ile. Nilikiona tena kile kidole kifuani. Alikuwa ameniambia. Siku ile ile ya kwanza nilipomwita hivyo aliniambia yeye ni nani, nami nikamtajia kanisa langu. Na mimi ndiye niliyeitwa “we mkimbizi” na muuza chumvi wa soko la nje ya kambi, utoto wangu wote. Yule mzee hakuwa mtu mbaya. Alinipimia vizuri na kuniongezea. Alidhani hilo ndilo jina langu, nami namchukia mpaka leo.

Kazi ikatupeleka Buffalo, mtaa wa Lower West Side, ambako kila nyumba ina watu wa mahali pengine. Fundi wa gari, jirani yetu, ni mtu wa watu wale wale wa Mama Jipsi. Nilipojua, nilimkwepa wiki mbili, kisha breki zikanilazimisha. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama kwenye theluji. Akanishangaza. Akasema yeye mwenyewe ni Jipsi, baba yake Jipsi, na hakuna msomi wa kumkataza. Dada yake, kwa upande mwingine, ukimwita hivyo hatakufungulia mlango.

Nilijisikia mwepesi. Nikataka kwenda zangu na msamaha huo wa bure. Lakini akajipangusa mikono, akaniuliza, “Na yule wako, yeye alisemaje?”

Nikamwambia sijamwuliza. Akasema basi haikuwa kazi yake kunisamehe.

Siku mbili nilifanya mazoezi na binti yangu, neno kwa neno, jinsi ya kusema kwa Kiingereza kwamba nilikosa, kwamba sikujua, kwamba kule ghalani nilikuwa na rafiki mmoja tu na alikuwa yeye. Nilitaka anijibu, hata kama ni kwa kunitukana. Jumamosi asubuhi nikapiga ile namba ya nyumbani kwao. Ikapokelewa na mwanamke kijana, nyuma yake sahani zinagongana na watu wengi wanaongea kwa pamoja. Nikasema nataka kuongea na mama.

“Mama yupi? Hapa kuna mama wanne.”

Nikasema yule aliyefanya kazi ghalani. Akasema wote wamefanya kazi ghalani. Akaniuliza jina. Jina nililokuwa nalo lilikuwa mdomoni tayari, nikalimeza. Lingine sikuwa nalo. Nikatafuta lile neno alilonipa yeye mwenyewe, nikalitamka vizuri, kama nilivyofundishwa.

“Mroma,” nikasema. “Yule Mroma.”

Sauti yake haikuwa na hasira.

“Sisi sote hapa ni Roma,” akasema. “Wewe unamtaka nani?”

Nilibaki na simu sikioni. Nilisikia watu wa nyumba ile wakicheka, na mmoja wao huenda alikuwa yeye. Yule kijana akaniuliza tena, kwa upole, akangoja, kisha akakata.