Ujumbe Uliokataa Kufutika

Kazi yangu ni kudebloke simu, yaani kuzifungua zilizofungwa na kampuni. Nimeitetea kazi hiyo mbele ya watu wengi, na zaidi mbele ya shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye anafundisha informatiki, somo la kompyuta, katika shule moja ya sekondari hapa Kalemie. Kila Jumamosi alipita kwenye kibanda changu karibu na soko, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kuwa mteja, akanihubiria. Kwake mimi nilikuwa mwizi wa aina ya pekee, mwizi asiyemjua hata aliyemwibia.

Nilimjibu kila mara, kwa maana mdomo wangu haukuumbwa kwa ajili ya kula tu. Simu nyingi tunazotumia zinavuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kuja huku kwetu Kongo zikiwa zimeshatumika, na nyingine zimefungwa zikubali laini ya kampuni moja tu, tena ya nchi ambako sisi hatutafika. Mama muuza samaki ameinunua kwa jasho lake, anatia laini ya hapa, simu inamkatalia. Mimi naifungua. Nimeiba nini? Programu za kompyuta ninazowanakilia watu nazo, wenyewe wanataka ulipe kwa kadi ya benki, na kwenye avenyu yetu sijamwona mtu mwenye kadi hiyo.

“Duka lenye kukataa nipite mulangoni, miye nipite wapi?” nilimwuliza siku moja.

“Dirishani,” akasema, “kama wezi wote.”

Tulicheka. Wakati ule tulikuwa tunaweza kubishana na kucheka.

Ubishi wetu mkubwa ulikuwa juu ya ile programu ya ujumbe ambayo kila mtu anayo. Kuna toleo la wenyewe, na kuna toleo lililochezewa na watu wasiojulikana, ambalo sisi mafundi tunapeana mkono kwa mkono. Hili la kuchezewa linakuficha usionekane kama umesoma. Na jambo lililofanya lipendwe kuliko yote ni hili: mtu akikutumia ujumbe kisha akaufuta, kwako haufutiki. Unabaki pale pale, na alama ndogo pembeni inayosema kwamba mwenyewe ameufuta. Nimeliweka katika simu nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Wake za watu walilitaka, waume za watu walilitaka, na mchungaji mmoja alilitaka, sikumwuliza la kufanyia nini.

Shemeji alilichukia kuliko kazi zangu zote. “Muntu akifuta neno yake,” alisema, “njo kusema anaomba radhi. Weye unamwambia hakuna radhi.”

“Neno likishatoka ni maji yaliyomwagika,” nilimjibu. “Kama hakutaka lisomwe, asingeliandika.”

Nililipenda sana jibu langu. Nililirudia kwa wateja mpaka likawa kama tangazo la biashara.

Mama yangu nilimwekea mimi mwenyewe. Alikuwa akiuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni, na magunia mengine aliyapeleka Kabalo kwa mdogo wangu, ambaye aliyauza kule kwa watu wa reli na wa mtoni. Mdogo wangu alikuwa na hasira za karibu. Akifungua gunia akakuta mchanga, alichukua simu na kumtumia Mama sauti ndefu ya malalamiko, halafu baada ya nusu saa aibu ikamshika, akaifuta. Mama alipomaliza kupimia wateja na kufungua simu, alikuta maneno ya Kifaransa tu yanayosema kwamba ujumbe umefutwa. Jambo hilo lilimsumbua kuliko matusi yenyewe.

“Papa,” aliniambia, kwa kuwa ndivyo mama za kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume wakishakua, “ndugu yako anatupa neno kisha analiokota mbele sijalisikia. Nitamujibu namna gani?”

Nikamwekea. Alifurahi kama mtoto. Tangu hapo alisikia kila kitu, na mdogo wangu alipopiga simu kwa sauti ya upole, Mama alimwambia, “Kumbe ndagala yangu ni muchanga wa ziwa, ndiyo?” Yule bwana hakujua kamwe jinsi mama yake alivyopata habari. Alifikiri labda maombi.

Siku habari ilipofika haikuwa Jumamosi. Umeme unaotoka bwawa la Bendera ulikuwa umekatika tangu jana yake, na mimi nilikuwa kibandani nikifungua simu za watu kwa mwanga wa mlangoni. Simu yangu kubwa ilikuwa imekufa kioo wiki kadhaa, nikawa natembea na kasimu ka tochi, kwa maana mganga hajigangi. Shemeji akaja. Hakukaa kwenye kiti. Alisimama mlangoni akaniziba mwanga, nikataka kumfokea, kisha nikaona uso wake.

Mdogo wangu alikuwa amekufa. Kamiyo, lori la mizigo, ilikuwa imepinduka kati ya Nyunzu na Kabalo, naye alikuwa ameketi juu ya magunia kama wote wanavyoketi. Watu wa Kabalo walimpigia Shemeji kwa sababu ndiye mtu mzima wa familia mwenye kichwa kilichotulia. Walisema wanamngoja mama kabla ya kuzika, tena tusichelewe.

“Kuna kitu ingine,” akasema. “Ule binamu yenu wa kule ameandika ndani ya grupu ya familia, saa moja asubuhi. Watu wamemufokea, amefuta palepale. Mungu asifiwe, Mama hajaona.”

Niseme jambo hili kwa wasiolijua. Kwetu mama haambiwi kifo cha mwanawe kwa simu. Watu wazima wanakwenda kwake, wanasema mtoto ni mgonjwa, au ameumia, na wanamsafirisha wakiwa wameshikilia maneno hayo. Anaambiwa pale ambapo pana wanawake wa kumshika mikono, ili asianguke njiani peke yake. Ni uongo, lakini ni uongo wa kumbebea mtu mzigo mpaka mahali pa kuutua.

Shemeji aliposema “amefuta palepale”, mimi niliwaza. Siwezi kusema sikuwaza. Niliiona simu ya Mama mbele ya macho yangu, na ile alama ndogo pembeni. Nikajiambia kwamba umeme haupo tangu jana, kwa hiyo simu yake imezima. Nikajiambia kwamba Mama hafungui simu kabla ya saa nne. Nilijua vizuri kwamba jirani yetu ana paneli ya jua na kwamba Mama huchaji kwake. Lakini kumwambia Shemeji kungekuwa kukubali, pale pale, kwamba ameshinda ubishi wa miaka. Mdogo wangu alikuwa amelala maiti Kabalo, na mimi nililinda ubishi. Nikanyamaza. Nikafunga kibanda.

Tulimkuta Mama amesharudi kutoka sokoni. Alikuwa ameketi mlangoni akisugua beseni lake la ndagala, beseni ambalo lilikuwa jeupe tayari. Alitukaribisha. Alituletea viti. Shemeji akaanza, kwa adabu yote, kuuliza habari za soko, kisha akakohoa.

“Mama, ule mutoto wa Kabalo ameumia kidogo. Si mambo makubwa. Ni mguu.”

“Mguu gani?” Mama akauliza.

“Wa kuume,” nikasema mimi.

“Wa kushoto,” akasema Shemeji.

Tulisema pamoja, kwa wakati mmoja. Mama alimtazama Shemeji, akanitazama mimi, akarudi kwa Shemeji.

“Basi njo yote mbili,” akasema, akainuka kwenda kufunga mizigo.

Nikamshukuru Mungu kwa kunipa mama asiyeuliza mengi. Naandika hivyo hivyo, nionekane nilivyokuwa mjinga.

Alichukua kopo la ndagala za kukaanga, sabuni, na shuka. Kisha akafungua sanduku la nguo za zamani za mdogo wangu, akatoa kaptula ya kaki, akaikunja vizuri. “Kama wamemufunga plasta, suruali haitapita,” alieleza, ingawa hakuna aliyemwuliza. Shemeji aligeuka akatazama ukuta.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili za kukodi, siku mbili kwa njia ya Nyunzu, Mama nyuma ya dereva wa kwanza, mfuko wenye kaptula mapajani. Hakula. Alisema pikipiki inamtikisa tumbo. Hakuuliza kama tumepata habari mpya kutoka Kabalo, na mimi niliona ni baraka. Pale Nyunzu tulipopumzika, mwanamke aliyekuwa akiuza fufu, ugali wa muhogo, alimwuliza anakwenda wapi.

“Naenda kuangalia mutoto yangu,” Mama akasema. “Ameumia mguu.”

Alisema vizuri kuliko sisi wote. Yule mwanamke alimwombea, naye akaitika amina.

Kabalo tulikuta kiwanja kimejaa watu na wanawake wameketi chini. Shangazi yetu wa kule alimpokea Mama pale njiani, akamkumbatia, akamwambia kama inavyotakiwa. Mama alilia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akaanguka, na wanawake sita walikuwa tayari wamemshika. Shemeji alinibana bega. “Tumefanya vizuri,” akaninong’oneza. Nikaitikia kwa kichwa. Kwa kweli niliamini hivyo, na katika msiba mzima hiyo ndiyo faraja pekee niliyokuwa nayo.

Tulimzika, tukakaa siku za kukaa, tukarudi Kalemie. Wiki kadhaa zikapita. Asubuhi moja Mama alikuja kibandani na simu yake: imejaa, inakwama, haifunguki vizuri. Niliona hapo hapo nafasi ya kujisafisha. Nikamwambia niitoe kabisa ile programu ya kuchezewa, nimwekee ya wenyewe, simu itakuwa nyepesi.

Aliweka kiganja chake juu ya simu. “Ukiitoa, zile sauti zake zinaenda?”

Alikuwa anazungumzia malalamiko ya mdogo wangu, yale aliyoyafuta kwa aibu. Nikasema ndiyo, hizo zitakwenda.

“Basi acha. Njo sauti nabakia nayo.”

Nikaanza kufuta vitu vingine, picha za salamu za watu, video za kwaya. Nikafika kwenye grupu ya familia. Ujumbe wa binamu ulikuwa pale, na alama yake pembeni, na saa yake: saa moja na dakika chache asubuhi. *Ndugu zangu, kamiyo imepinduka, kaka yetu wa ndagala amekufa. Mumujulishe Mama.*

Nilimgeuzia simu. “Mama, hii uliiona?”

Hakuishika. “Niliisoma saa ileile. Nilikuwa napimia mama moja ndagala. Nikamalizia kumupimia.”

“Ulijua? Tulipokuja nyumbani ulijua?”

“Nilijua.”

“Na njia yote ile? Siku mbili, Mama?”

“Mulikuja wawili, uso zenu zimekauka,” akasema. “Nikaona munatetemeka kunipita. Kama ningelia pale, nani angenifikisha kwa mutoto yangu? Njo nikawaacha munibebe, vile inafaa.”

Nilikuwa nataka kumwomba radhi, lakini nikauliza upuuzi. “Na ile kaptula? Ulichukua kaptula ya nini?”

Mama alinitazama kama anavyomtazama mteja anayeuliza bei mara mbili. “Mulisema ni mguu, Papa. Mulitaka nibebe nini?”

Alichukua simu yake akarudi sokoni. Mimi nilifunga mlango wa kibanda mchana kweupe, nikalia gizani, mteja akagonga akachoka akaondoka. Siku mbili nzima alikuwa peke yake na kifo kile nyuma ya pikipiki, na aliyemwacha peke yake ni mimi, kwa mikono yangu ya ufundi, halafu kwa ulimi wangu uliojua na ukanyamaza.

Jumamosi Shemeji akapita, akakaa kwenye kiti cha wateja. Nilimweleza yote, hata lile nililowaza siku ile aliposimama mlangoni, nami nikamficha. Nilimngojea aseme kwamba alinionya. Hakusema. Aliitazama meza yangu, simu zilizofunguliwa matumbo, bisibisi zangu ndogo.

“Kwa hiyo pale aliposema mguu ni yote mbili, alikuwa anatusaidia...” akaanza.

Alivua miwani akafunika uso kwa mikono, na tangu siku hiyo hatujabishana tena.