Kurusha Mpira Kwenye Kituo Kitupu

Kocha wetu wa softboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbilia vituo, alikuwa mama wa makamo anayeendesha forklifti katika kiwanda chetu cha maboksi, Tonawanda, nje kidogo ya Buffalo huku Marekani, na alikuwa na imani moja tu maishani: mlinzi wa kituo cha tatu haukimbii mpira. Mlinzi wa kituo cha tatu nilikuwa mimi, na mimi niliukimbia. Si kwa woga, jamani. Mtu aliyecheza rede utoto wake wote Morogoro, amesimama katikati, wasichana wawili wanamlenga kwa mpira kutoka huku na huku, mwili wake unajua jambo moja: mpira ukija, pinda kiuno, uache upite. Nilikuwa bingwa mtaani kwetu. Kocha aliponiona nikipinda kiuno mbele ya mpira wa softboli, akaweka mikono kichwani.

Mpira wenyewe mara nyingi ulikuwa wa banti. Katika banti mpigaji hapigi kwa nguvu. Anauwekea mpira gongo tu, unadondoka karibu, unaviringika kivivu kwenye nyasi, naye anatimua mbio kuelekea kituo cha kwanza. Mpira ukidakwa kwenye kituo hicho kabla hajafika, ametoka, zamu yake imekwisha. Kwa hiyo mimi husimama hatua chache mbele ya kituo changu, magoti yamelegea, na nikiona gongo limeshushwa naufuata mpira. Hatua ndefu mwanzoni, fupifupi nikikaribia, nisije nikaupita. Mikono yote miwili chini, mguu wa kulia unakita ardhini, wa kushoto unaelekea kule ninakorusha.

Hayo niliyaweza kabla majira ya kiangazi hayajakolea. Nilijifunza nyuma ya nyumba ninayopanga Kenmore, nikirusha mpira kwenye ukuta wa chumba cha kufulia nguo, peke yangu, hadi kiuno kikasahau rede. Sikuwa na mtu wa kunirudishia mpira, lakini ukuta haukosi nafasi na wala hauhitaji kuulizwa kwanza kama una shughuli.

Tatizo likabaki moja, na ukuta haukuweza kunisaidia. Kwenye banti, mlinzi wa kituo cha kwanza naye anakimbilia mpira, kama mimi. Kituo chake kinabaki kitupu. Mlinzi wa kituo cha pili ndiye anayekimbia kwenda kukiziba, lakini wakati mimi nainua kichwa na mpira mkononi, bado hajafika. Natakiwa nirushe hivyo hivyo, mahali ambapo hakuna mtu. Nilishindwa. Kila mara nilisubiri nimwone mtu amesimama pale, na nilipomwona, mpigaji alikuwa ameshafika, anajipangusa vumbi.

Kocha hakuelewa, na mimi sikumweleza. Ningemwelezaje? Nilipofika Marekani nilikaa Louisville, Highview, kwa dada yangu, mpaka shemeji akaanza kuniuliza kila siku mipango yangu ni ipi. Rafiki yangu wa shule akaniita Columbus. Njoo, akasema, nitakupokea stendi, utakaa kwangu. Nikashuka na mabegi yangu, nikakaa kwenye benchi. Nikapiga simu, ikaita. Nikapiga tena, imezimwa. Watu wa basi langu wote walipokelewa wakaondoka, na mimi nikawa naangalia kila gari linaloingia, natabasamu kabisa, tayari kusimama. Hakuja. Mpaka leo hajaniambia kwa nini. Nikafanya kazi ya ghala pale Columbus, kisha nikasikia Buffalo kuna viwanda, nikaja mwenyewe, bila kumwambia mtu anipokee.

Basi huyo ndiye anayeambiwa arushe mpira kwenye kituo kitupu.

Mlinzi wetu wa kituo cha pili alikuwa Mkongo wa Uvira, mkubwa kwangu kidogo, tunafanya kazi kwenye laini moja kiwandani. Nilimwita dada, naye aliniita dada mudogo, kwa Kiswahili chao cha Kongo kilichochanganyika na Kifaransa. Alikuwa na watoto wanne waliomjibu kwa Kiingereza hata akiwagombeza, na mbio ambazo hukuzitegemea ukimtazama. Siku kocha aliponiambia kwamba nikiung'ang'ania mpira tena atanitoa kituo cha tatu na kuniweka benchi, dada alinifuata kwenye gari la kocha nilikokuwa napakia magongo.

“Dada mudogo,” akasema, “juu ya nini unachunga mupira mu mukono sawa mutoto?”

“Kituoni hakuna mtu, dada.”

“Donc? Na kisha? Miye niko nakuya!”

“Na usipofika?”

“Bon. Nisipofika, ile ni kosa yangu. Haiko yako.”

Nililala na maneno hayo. Maana benchi kwangu halikuwa adhabu ya mchezo. Kiwandani tunavaa vizuia kelele, hatuzungumzi. Nyumbani hakuna wa kuzungumza naye. Jumamosi uwanjani ndiyo saa pekee katika juma zima ambapo mtu aliita jina langu kwa sauti, hata kama ni kwa kunikemea. Nikitolewa pale, nani angeniita?

Jumamosi iliyofuata gongo likashuka. Nikakimbia, mpira ukaja kwenye mguu wa kulia kama unavyotakiwa, nikakita. Nikainua kichwa: kituo kitupu, chokaa na vumbi tu. Kocha anapiga kelele. Nikakitazama kituo kama nilivyotazama magari pale stendi. Nikarusha.

Mpira ulikuwa hewani na hapakuwa na mtu. Halafu dada akatokea upande wa kushoto, kofia imemdondoka, glovu mbele, akaudaka huku mguu wake ukikanyaga kituo. Mwamuzi akakunja ngumi: ametoka.

Wenzangu wakashangilia. Mimi nikaanza kulia, si machozi ya kistaarabu, ni kulia kwa kwikwi, mbele za watu. Wakanikimbilia. Kocha akanishika mkono, akaamini nimeumia kidole, akaomba barafu. Sikukanusha. Nikakalishwa benchi nimebana mfuko wa barafu kwenye kidole kizima kabisa, mwenzetu mmoja akachukua nafasi yangu, na kila aliyepita alinigusa bega akasema pole kwa lugha yake.

Zamu yetu ya kupiga ilipofika, dada akaja kukaa karibu nami, anahema bado. Akakitazama kidole, akanitazama usoni.

“Inauma?” akauliza.

“Inauma, dada,” nikasema. “Inauma sana.”

Hakukigusa kidole. Alisogea tu, bega lake likagusa langu, na akabaki hapo mpaka walipomwita akapige.