Kila mvua ikinyesha, fundi wa umeme anarudi kwa mchumba wangu

Admin, jina langu usiliweke, maana mpaka Jumamosi bado niko kazini.

Nina miaka thelathini na sita, ni mtu wa Kalemie, shule niliiachia primaire, yaani ya msingi. Hapa Bukavu nasafisha piscine, bwawa la kuogelea, la nyumba moja kubwa ya mtaa wa Nguba. Sina ndugu katika mji huu. Niliyenaye ni Riziki tu, binti wa Nyantende anayefua nguo katika nyumba hiyo hiyo. Wazee wa kanisa langu wamekubali kunisindikiza kwao Jumapili kwenda kumposa.

Shida ilianza na disjoncteur, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Ya piscine ilianza kuanguka ovyo. Leo inashika mchana kutwa, kesho mvua kidogo tu, imekata. Pampu inazima, maji yanakuwa kijani, na patron, mwenye nyumba, ananigombeza mimi. Wakaleta fundi, naye ni wa Nyantende vilevile. Huyo hana haraka. Anachomoa vyote, pampu na taa za ndani ya maji, kisha anarudisha kimoja kimoja. Kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja kwenye piscine, mwingine mbele ya disjoncteur aseme kama imeanguka. Na disjoncteur iko kwenye chumba cha kufulia. Mnaelewa nani yuko pale.

Basi wanapigiana simu mchana mzima, kwa Mashi, lugha ya kwao. Mimi nimesimama kando ya fundi na ufagio wangu, sishiki kitu. Nasikia "pompe", nasikia "lampe", halafu Mashi ndefu, halafu kicheko. Pampu inachekesha nini? Nilimwomba fundi nikae mimi kwenye disjoncteur. Akasema, "Tonton, bakia tu pale, Riziki ameisha zoea." Amezoea nini? Nimeshinda na neno hilo wiki nzima.

Alikuta taa moja imeingiza maji, akaitoa. Tukatulia. Mvua ikanyesha, disjoncteur ikaanguka tena. Akasema kuna waya umechubuka chini ya udongo, lazima wachimbe wabadilishe. Kuanzia hapo nikiona mawingu juu ya ziwa, najua anakuja.

Patron hataki mashimo, Jumamosi ana sherehe. Akaniita: "Wewe si uliangalia vile anafanyaka? Toa ile kitu, funga direct. Na ule fundi asirudie hapa." Maana yake niunge waya moja kwa moja bila ile swichi. Ndugu zangu, katika maneno yote hayo nilishika moja tu: asirudie. Nilikwenda kuchukua turnevisi, bisibisi, nikiwa na furaha.

Riziki alinikuta kwenye mlango wa chumba cha kufulia. Akasema, "Ukifunga ile direct, usilete wazee kwetu."

Nikamwambia alie tu, mpenzi wake hatarudi.

Hakunigombeza. Akasema taratibu, "Ile ngazi ya chuma ya mu piscine ilinipigaka courant, siku naanika mataulo. Nilimuambia yeye. Ndiyo maana anafwata ile waya."

Turnevisi niliirudisha. Nilimwambia patron sifungi, naye akanijibu nitafute pengine pa kwenda baada ya sherehe. Mke wa patron, baada ya kuelezwa na Riziki, amekataza watoto wasikaribie maji. Kwa hiyo juu ya waya msinishauri, hilo limekwisha.

Kinachonila ni kwamba alipigwa na umeme, mimi niko hapo hapo nafagia, na aliyeambiwa ni mwingine. Nilimuuliza kwa nini. Akaniangalia sana, akasema, "Wewe ungeuliza kwanza nilikuwa na nani pale."

Ni kweli, ningeuliza hivyo. Lakini hata sasa ninapoandika, fundi ananiuma zaidi ya ile ngazi.

Wazee wananingoja Jumapili. Niende nao Nyantende, au nipande gari ya Uvira nirudi kwetu Kalemie? Mwanamke anayeogopa kuniambia kwamba ameumia, nitakaa naye namna gani? Mliopitia wivu kama huu, niambieni nifanye nini.