Komeo la Nta

Ninaandika haya nikiwa na udhu, nikingoja adhana ya Alasiri, ili usije ukadhani mzee anakupigia soga. Yalinipata mimi, nyumbani kwangu mtaa wa Buyenzi, mchana, jua likiwa kali. Nimemshukuru Mungu kwa mengi. Hili moja bado ninamwuliza.

Kazi yangu ni kuchora kwa nta. Unayeyusha nta ya nyuki na utomvu mkavu wa mti, unatia rangi ya unga, unaipaka ingali moto juu ya ubao. Kila tabaka ukishalipaka, unalipitishia pasi ya makaa kwa juu, karibu sana bila kuligusa, mpaka litoe jasho na kushikana na lile la chini. Ukiruka hatua hiyo, siku moja litabanduka. Mimi huchora milima, migomba, mvua ikija kutoka upande wa ziwa. Mtu wala mnyama sichori. Tangu madrasa nilifundishwa kwamba anayechora chenye roho ataambiwa siku ya Kiyama akipulizie roho hiyo, naye hataweza. Sheria hiyo nimeishika maisha yangu yote, na ndiyo iliyoniponza.

Ilikuwa miaka ya vita, siku zile za ville morte, mji wote ukiwa umefungwa. Vijana wenye silaha walishika njia, wakipita nyumba kwa nyumba kutafuta wageni waliokimbilia mtaani. Siku ya tatu mke wangu, Mama Zubeda, alinionyesha ndoo.

"Makaa imebaki iyi tu. Sasa uniambie, tunapika maharagwe ao tunapika milima?"

"Nusu kwa nusu."

"Sawa. Jirani akiuliza tulikula nini, ntamwambia tulikula rangi ya kijani."

Akaenda uani na nusu yake. Mimi nikafunga madirisha kwa kuogopa risasi, nikatia komeo mlangoni, nikainamia mbabura, jiko letu la makaa, kupuliza moto. Nilipoinuka, mwanamke alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, kati yangu na mlango wa uani. Kitenge, miguu mitupu, umri wa binti yangu. Nilidhani Mama Zubeda amemfungulia. Siku hizo watu waliruka kuta, na anayekimbia humuulizi mambo mengi, si ndiyo?

"Karibu, binti yangu."

"Asante, muzee." Alikuwa anatazama ubao. "Pale ni kwetu."

"Wapi?"

"Apo unachora. Iyo migomba ya chini ni ya mama. Lakini umesahau nyumba."

Nilikuwa nachora kilima kimoja cha juu ya mji, jinsi nilivyokikumbuka. Nyumba sikuijua. Kabla sijamjibu nikasikia filimbi na miguu mingi barabarani. Wakimkuta kwangu, tumekwisha wote watatu. Nikamwashiria anyamaze.

"Usiogope," akasema. "Mi awanitafuti tena."

Miguu ikapita. Yeye alikuwa ametulia tu, macho kwenye ubao.

"Muzee, nichore na mi pale. Nimetembea sana, sioni njia ya kurudi."

"Sichori chenye roho, binti yangu. Ni dini."

Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemsubiri mzee aelewe.

"Basi iko sawa. Mi sina roho."

Hapo ndipo nilipomtazama vizuri. Chumba kilikuwa tanuri. Shati langu lilikuwa limelowa hadi kiunoni. Uso wake ulikuwa mkavu kama sahani ya kabatini.

Ningekimbilia wapi? Mlango wa mbele kuna vijana, wa uani amekaa yeye. Nikasoma dua zote ninazozijua, kwa sauti. Niamini, hakutoweka. Aliinamisha kichwa mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Amina." Nikajua si shetani. Hofu haikuniacha, ila huruma ilikuja ikakaa kando yake.

"Chora nyumba basi," akasema. "Nyumba aina roho. Uweke na mulango, niingie."

Nikachora. Mkono ulikuwa unakimbia, maana nilitaka aondoke. Nilipoanza paa la bati akanirudisha: "Apana, ni ya mategura," nami nikaweka vigae vyekundu. Makaa yalikuwa yanaisha. Mlango sikuwahi kuuona, basi niliinua macho nikaiga ule uliokuwa mbele yangu, mlango wangu wa barabarani. Nikaupitishia pasi na makaa ya mwisho. Ukatoa jasho, ukashika vizuri.

"Asante, baba," akasema karibu na sikio langu. Nilisikia harufu ya majani mabichi ya mgomba. Nikageuka kuweka pasi chini, na kigoda kilikuwa kitupu.

Mama Zubeda aliingia na maharagwe magumu. Akaapa hakumfungulia mtu. Alikuwa amekaa kwenye mlango wa uani muda wote. Mimi nilikuwa nasema Alhamdulillah. Yeye akausogelea ubao.

"Nyumba nzuri. Lakini mbona umefungia watu kwa nje?"

Nikatazama. Nilikuwa nimeuiga mlango wangu kama nilivyouona kutoka ndani, na komeo lake. Kwenye picha, komeo lilikuwa nje.

Kesho yake, Alasiri, ubao ulibisha. Mara tatu, taratibu, kama jirani anayekuja kuomba chumvi.

Tulipopata makaa nilipasha kisu moto nilikwangue lile komeo. Nta ya mlango ililainika, na ukuta nao ukaanza kuteremka. Ndani ya ubao sauti ikasema, "Muzee, apana. Inaunguza." Nikakitupa kisu. Nilikuwa nimezishikanisha tabaka zote kama fundi mzuri. Moto wa kumfungulia ndio moto wa kumyeyushia nyumba.

Vita vimekwisha. Watoto wamejenga Gasenyi na wanatuita tukakae nao, lakini barabarani kuna jua, na nta hailipendi jua. Picha iko chumba cha ndani, penye baridi, nami niko nayo. Mama Zubeda haifanyii mzaha tena. Akiwa uani huniita tu: "Baba Zubeda, mugeni wako anabisha." Naenda, nakaa, nasoma dua. Kutoka ndani ya ubao naitikiwa, "Amina."

Nawe unayesoma, akija mtu mwenye shida akakuomba mlango, usiharakishe ili akuondokee. Muulize kwanza atasimama upande gani.

Adhana imekwisha, na huko ndani ameshaanza kubisha. Nitaswali kwanza, kisha nikakae naye.